Ghuba ya Winam: Beseni kubwa, mlango mwembamba

ABIRIA anayetua Kisumu kwa ndege baada ya mvua za masika huonyeshwa bila malipo jambo ambalo wataalamu wamelieleza katika ripoti chungu nzima. Chini ya bawa la ndege, maji hayana rangi moja. Upande wa kusini-mashariki, pale Mto Nyando unapomwaga, kuna doa kubwa lenye rangi ya chai ya maziwa linalosambaa polepole kuelekea magharibi. Karibu na mji kuna utando wa kijani, na mara nyingine visiwa vya magugu vinavyosukumwa na upepo. Buluu ya ziwa lenyewe, ile inayochorwa katika kadi za watalii, iko mbali sana, upande wa machweo.

Nimekaa kwenye meza ya uhariri miaka mingi, na kalamu yangu imepitisha mara zisizohesabika sentensi isemayo kwamba taka fulani “zimeingia katika Ziwa Victoria mjini Kisumu”. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini inapotosha. Humfanya msomaji afikirie maji yasiyo na mwisho, maji ambayo yanaweza kumeza kila kitu na yasidhurike. Yaliyo mbele ya Kisumu ni maji ya Ghuba ya Winam, ambayo Waingereza waliita Kavirondo, na tabia ya ghuba hiyo si tabia ya ziwa.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu hapa haidanganyi. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 hivi. Kenya ina asilimia sita tu ya eneo hilo. Sehemu nyingine ni ya Tanzania na Uganda. Ghuba ya Winam ina kilomita za mraba zipatazo 1,400, yaani asilimia mbili ya ziwa zima. Lakini ghuba ni ya kina kifupi mno. Katika sehemu nyingi za mashariki, karibu na Kisumu, maji hayazidi mita tano au sita. Ukizidisha eneo kwa kina, utagundua kwamba ghuba ina chini ya nusu ya asilimia moja ya maji yote ya Ziwa Victoria. Hayo ndiyo maji yanayopokea uchafu wa mmoja wa miji mikubwa nchini, udongo wa Uwanda wa Kano, na mbolea ya mashamba ya miwa na mpunga.

Tena maji hayo hayatoki kwa urahisi. Ghuba imeunganishwa na ziwa kuu kupitia mkondo mwembamba ulio kati ya Kisiwa cha Rusinga na bara ya upande wa kaskazini. Mlango wa pili, ule wa Mbita kusini mwa kisiwa hicho, ni mdogo zaidi, na una kisa chake tutakachokifikia. Winam basi ni beseni lenye mdomo mwembamba. Kinachoingia kwa haraka hutoka kwa kusitasita, na kingine hakitoki kamwe bali huzama na kuwa tope.

Mlango wa mto usio na chumvi

Wakazi wa pwani wanaujua mlango wa mto. Wamewahi kuona jinsi maji ya Tana au Rufiji yanavyokutana na bahari, matope yakatua, mikoko ikaota, kamba na samaki wadogo wakapata malezi. Winam haina chumvi, wala haina kupwa na kujaa, kwa hiyo mwanajiografia mkali atakataa kuiita mlango wa mto. Hata hivyo kazi inayofanyika humo ni ileile. Nyando unateremka kutoka milima ya Nandi na Tinderet, Sondu-Miriu unatoka upande wa Mau na Kericho, na Kibos na Awach ni mito midogo yenye hasira nyakati za mvua. Yote hupunguza mwendo inapofika kwenye maji tulivu, na kutua mizigo yake. Nzoia na Yala, ambayo msomaji huisikia kila mwaka katika habari za mafuriko, haiingii ghubani. Humwaga katika ziwa lenyewe, huko Busia na Siaya.

Kazi ambayo mikoko huifanya pwani, hapa ilifanywa na mafunjo. Mmea huo wenye shina la pembetatu na kichwa kama nywele zilizotimka ulizunguka midomo ya mito yote ya Winam. Maji ya mto hayakuingia ghubani moja kwa moja. Yalipenya kwanza katika msitu wa mafunjo, yakapunguza kasi, yakaacha udongo mizizini, na mmea ukanyonya sehemu ya fosforasi na nitrojeni kabla haijafika kwenye maji ya wazi. Humo waliishi kamongo, samaki mwenye mapafu anayeweza kuvuta hewa wakati matope yanapokosa oksijeni, na mumi, ambaye pwani huitwa kambare. Humo pia alijificha nzohe, swala wa kinamasi ambaye kwato zake ndefu humwezesha kutembea juu ya mashina yaliyolala. Katika kinamasi cha Dunga, kilomita chache kusini mwa Kisumu, wapenzi wa ndege husafiri kutoka ng’ambo ili kuona aina chache ambazo hazikai penginepo ila katika mafunjo.

Mafunjo yana wateja wengine pia. Mikeka, vikapu, samani na dari za nyumba nyingi za Nyanza hutokana nayo, na familia nyingi za Dunga na Kusa zimesomesha watoto kwa kisu na mafungu ya mabua. Akatwaye kwa kiasi humea tena. Balaa huja ziwa linaporudi nyuma. Ardhi iliyokuwa chini ya maji hubaki nyeusi na yenye rutuba, moto huwashwa, na katika msimu mmoja kinamasi hugeuka shamba la mboga au mahindi. Simlaumu mkulima, ardhi ya Kano ni finyu na njaa haina ratiba. Lakini kila ekari inayochomwa ni kichujio kilichoondolewa, na mwaka unaofuata maji ya Nyando huingia ghubani bila kupigiwa hodi.

Mtu anayetaka kujua thamani ya midomo ya mito amuulize mzee yeyote wa Nyando kuhusu ningu. Huyu ni samaki wa ziwa anayezaa mitoni. Mvua zilipoanza, ningu walipanda kwa makundi dhidi ya mkondo, hadi kwenye mbuga zilizofurika, wakataga mayai na kurudi. Wavuvi wa zamani waliwangoja kwa migono na nyua za matete, na wengi walipenya. Ilipokuja nyavu ya makila, ikitandazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine hapo hapo mlangoni, samaki waliokwenda kuzaa walinaswa kabla ya kuzaa. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Hakuhitajika mgeni mlafi kutoka nje wala sumu ya kiwanda. Ilitosha kuufunga mlango katika majuma machache ya mwaka.

Reli ilipofika majini

Kabla ya reli, mahali hapa palikuwa pa kubadilishana vitu. Jina Kisumu lenyewe huhusishwa na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa jirani wakati wa uhaba, mtu akapeleka alicho nacho na kurudi na nafaka. Utulivu wa maji ulifaa biashara ya mitumbwi, na utulivu huohuo ndio uliowavutia Waingereza. Walitaka kufika Uganda. Mhandisi akitazama ramani aliona kwamba ghuba inaingia ndani ya nchi kavu kama kidole kinachoelekeza Mombasa. Kuufikia ukucha wa kidole hicho kungepunguza sana safari ya reli.

Reli ya Uganda ilifika ukingoni Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence, mkewe Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Wakati huo eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Lilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Meli ndogo William Mackinnon ilikuwa tayari imeletwa vipande vipande na kuunganishwa papo hapo, na baada yake zikafuata Winifred na Sybil. Kwa miaka kama 30 pamba ya Uganda, ngozi za Mwanza, na nguo na chumvi kutoka pwani vilipitia gatini Kisumu. Allidina Visram, mfanyabiashara mashuhuri wa Kihindi, alikuwa na duka hapa, na wengine wengi wakamfuata.

Mwaka 1931 reli iliyopitia Nakuru, Eldoret na Tororo ilifika Kampala, na Kisumu ikaacha kuwa lango la lazima. Bandari iliendelea kuishi kwa shehena za kandokando mwa ziwa, na katika miaka ya 1960 ikapewa nguvu na MV Uhuru, meli iliyobeba mabehewa ya treni pamoja na mizigo yake. Pigo kubwa zaidi lilikuwa kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mali ikagawanywa, mipaka ikafungwa, na gati likaanza kuota nyasi. Ufufuo umekuja katika miaka ya karibuni: MV Uhuru imekarabatiwa na kurudi majini, na gati la mafuta lililokamilika mwaka 2018 likakaa miaka kadhaa bila kazi kwa sababu ghala la upande wa Uganda halikuwa tayari. Bandari ilipokuwa ikisafishwa, vibanda vya Lwang’ni ambako wakazi na wageni walikula samaki wa kukaanga huku wakitazama machweo vilibomolewa. Wapishi wale walikuwa sehemu ya biashara ya ghuba kama ilivyo meli yoyote ya mafuta, ingawa hawakuandikwa katika mpango wowote.

Nyavu, mbuta na mgongo wazi

Historia ya samaki ina kurasa nyingi zaidi kuliko ya meli. Nyavu za makila za kitani zililetwa katika ghuba mwaka 1905. Kabla ya hapo ngege, samaki mtamu aliyezaliwa na ziwa hili, alivuliwa kwa migono na kokoro za matete. Nyavu mpya zilileta neema ya ghafla, na kama ilivyo kawaida ya neema za ghafla, kila wavu ukaanza kutoa kidogo kuliko jana. Mwaka 1927 Serikali ya kikoloni ilimwalika Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, aje kupima. Alipendekeza nyavu zenye macho yasiyopungua inchi tano. Aliandika pia onyo ambalo leo husomwa kwa majuto, kwamba kuleta ziwani samaki mkubwa mlanyama kutoka kwingine kungekuwa jambo la hatari kubwa mno.

Samaki huyo aliletwa. Ni mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, hapa upande wa Kenya na huko Uganda. Kwa takriban miaka 20 hakuonekana sana. Kisha, kuanzia mwaka 1980 hivi, nyavu za Winam zikaanza kumleta kwa wingi usioelezeka, wengine wakiwa na uzito kumshinda mvuvi mwenyewe. Fulu, samaki wadogo wa aina zaidi ya 500 ambao ziwa liliwalea tangu lilipojaa upya baada ya kukauka miaka takriban 15,000 iliyopita, walimezwa. Inakadiriwa kwamba zaidi ya aina 200 zimetoweka, ingawa si mbuta peke yake aliyeziua: maji yalipochafuka na kuwa na kiza, madume na majike wa fulu, ambao huteuana kwa rangi, hawakuweza tena kutambuana.

Viwanda vya minofu vikajengwa, ndege zikabeba samaki hadi Ulaya, na Kisumu ikaona fedha. Kati ya mwaka 1997 na 2000 masoko ya Ulaya yalifungwa mara kadhaa, mara kwa hofu ya viini, mara kwa kipindupindu, mara kwa wavuvi waliodaiwa kutumia dawa za kuua wadudu. Kila mara mlango ulipofungwa, bei katika fuo ilianguka kwa siku moja, na mvuvi ambaye hajawahi kuiona ramani ya Ulaya akajua kwamba maisha yake yanaamuliwa huko.

Minofu ilipokwenda ng’ambo, mifupa ilibaki. Katika mtaa wa Obunga, mama wenye vikaango vikubwa walinunua kutoka viwandani mizoga iliyokwisha kuparwa nyama, wakaikaanga hadi ikawa mikavu na kuiuza. Watu wa Kisumu, ambao hawakosi maneno, waliiita mgongo wazi. Jina hilo lilikuwa la nguo za kina dada zilizoacha mgongo bila kifuniko, na sijui kama kuna maelezo bora zaidi ya uchumi wa samaki wa miaka ile: samaki anavuliwa hapa, mwili unakwenda mbali, na mwenyeji anachovya ugali katika mchuzi wa uti wa mgongo. Mbuta walipopungua, viwanda kadhaa vikafungwa, na hata mifupa ikawa ghali. Pengo hilo likajazwa na samaki wa barafu kutoka China, ambao mwaka 2018 walizusha malumbano makali ya kisiasa kwa kuuzwa kwa bei ya chini hata katika mji uliojengwa kandokando ya samaki.

Mwanamke ndiye anayeubeba mzigo wa upungufu. Kwa mila, mtumbwi ni wa mwanamume na soko ni la mwanamke. Samaki wakiwa tele, wavuvi humbembeleza mnunuzi. Wakiwa haba, mnunuzi ndiye hubembeleza, na hapo ndipo ulipozaliwa mpango uitwao jaboya, ambapo mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili apate haki ya kununua samaki kwa pesa zake mwenyewe. Si siri kwamba kaunti za ziwani zimekuwa na viwango vya juu kabisa vya ukimwi nchini. Katika ufuo wa Nduru, wanawake waliamua kuanzia mwaka 2011 kuwa na mitumbwi yao, wakawaajiri wanaume kuvua, na kwa hatua hiyo moja mizani ikageuka. Ni mfano wa kupigiwa mfano, na nitauhitaji tena mbele.

Gugu la kijani

Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini wenye ua zuri la zambarau, lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likiteremshwa zaidi na Mto Kagera. Upande wa Kenya liliripotiwa mapema miaka ya 1990. Katika mazingira mazuri hujizidisha maradufu kwa muda wa majuma mawili, na mbegu zake huweza kulala matopeni hadi miaka 20 zikiwa hai. Kila alasiri upepo kutoka ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, ukilisukuma gugu ndani ya kidole cha ghuba hadi mbele ya mji. Mwaka 1998 lilitanda katika Winam juu ya hekta zaidi ya 17,000, zaidi ya sehemu ya kumi ya ghuba yote. Meli zilikwama gatini. Mitumbwi haikuweza kutoka. Mabomba ya maji yaliziba, na konokono wa kichocho wakapata makao mapya.

Serikali ilijaribu mashine ya kukatakata, na ikawa mabaki yaliyokatwa yanazama na kuoza, yakinyonya oksijeni. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya ikaachilia fukusi kuanzia mwaka 1997, wadudu wadogo wanaokula gugumaji peke yake. Mwanzoni watu waliwacheka. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imetoweka, kwa kazi ya fukusi na kwa msukosuko wa hali ya hewa ya El Niño ambao uliipasua mikeka hiyo na kuidhoofisha. Lakini gugu lilirudi baada ya mvua kubwa za 2006, na limekuwa likirudi kila mito inapoleta virutubisho vipya. Inastahili kuongezwa, ingawa halipendezi kusikika, kwamba kamongo na mumi waliongezeka wakati wa gugu, kwa sababu wavuvi hawakuweza kuwafikia chini ya kivuli chake.

Huo ndio msingi wa jambo lote. Gugumaji si ugonjwa, ni dalili. Linalilisha gugu ni fosforasi na nitrojeni, na hizo hutoka katika vyoo, mashamba na makorongo. Makorongo ya Katuk Odeyo huko Nyakach yanameza nyumba na barabara, na udongo wake wote hatima yake ni Winam. Mito midogo ya mjini kama Kisat hubeba uchafu wa viwanda na mitaa ambayo haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Gugu likiondolewa bila chanzo kuguswa, mwani hushika nafasi yake: maji huwa kijani kizito kama rangi ya kuta, na baadhi ya mwani huo hutoa sumu inayodhuru ini. Sehemu ya maji ya kunywa ya Kisumu huchotwa Dunga, kutoka maji hayohayo.

Sasa kisa cha Mbita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlango mdogo kati ya Mbita na Rusinga ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo ili magari yapite hadi kisiwani. Wakazi wa Rusinga waliokuwa wakivuka kwa mitumbwi walishangilia, na haki yao. Baada ya muda wavuvi walilalamika kwamba maji yamelala, samaki hawapiti, na taka zinajikusanya upande wa ghuba. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya daraja kujengwa na mkondo kufunguliwa tena, mwaka 2017. Wapo waliotarajia kwamba ghuba ingetakasika kwa siku chache. Sikuwahi kuliamini hilo. Mlango mkuu uko kaskazini mwa Rusinga, na hata huo haukuweza kuishinda mito. Daraja lilirekebisha kosa moja. Halikupunguza hata debe moja la udongo wa Nyando.

Maji yakipanda, vizimba vikijaa

Ziwa lenyewe halitulii. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2005 na 2006 lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi kuachiliwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja, na gati za Kisumu zikabaki hewani. Mei 2020 likavunja rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Kwa ghuba ya kina kifupi yenye kingo tambarare kama za Kano, mita moja ya maji ni kilomita za nchi kavu. Ufuo wa Nduru, ule wa wanawake wenye mitumbwi, ulimezwa na mafuriko ya 2020. Nyumba zilikwenda, wakazi wakatawanyika makambini, na mradi uliokuwa umewapa heshima ukapoteza ardhi ya kusimamia. Hakuna aliyewahi kuhesabu katika takwimu za mafuriko ni wanawake wangapi walirudi kununua samaki kwa masharti ya zamani.

Tegemeo la sasa ni vizimba. Tangu miaka ya 2010 vyumba vya nyavu vinavyoelea, vikifugwa ngege wa kisasa, vimeenea kutoka Siaya hadi Homa Bay na mbele ya Kisumu. Mwekezaji anapata samaki wa uhakika, vijana wanapata kazi, na soko la Nairobi linapata sahani yake. Sina ugomvi na ufugaji. Bila huo tungekula samaki wa China zaidi ya tunavyokula sasa. Lakini chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki huanguka chini ya kizimba, na chini ya kizimba kuna mita tano au sita tu za maji. Novemba 2022 samaki wengi waliokuwa vizimbani upande wa Kisumu walielea wakiwa wamekufa, na wafugaji wakapoteza mitaji ya miaka katika muda wa siku chache. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walitaja upungufu wa oksijeni majini. Samaki wa mwituni, akikosa pumzi, huhama. Yule wa kizimbani hana pa kwenda.

Wanaotoa vibali wamekuwa wakiuliza mwekezaji ana nyavu gani, vifaranga kutoka wapi, na mtaji kiasi gani. Swali la kina cha maji na umbali kutoka mdomo wa mto ndilo lingetangulia. Upande wa magharibi, karibu na mkondo wa Rusinga, maji ni ya kina zaidi na hubadilishana na ziwa kuu. Huko kizimba kina nafasi ya kupumua. Mashariki, kati ya Dunga na mdomo wa Nyando, hakina. Tofauti hiyo inajulikana kwa kila mvuvi wa Dunga aliyewahi kushusha kamba yenye jiwe kupima chini, na haihitaji utafiti mwingine wa miaka mitano.

Kuanzia Aprili hadi Julai kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa ili dagaa hao wazaliane, na katika miezi hiyo fuo hunyamaza, nyavu hutundikwa, taa za usiku huzimwa. Mvua za masika nazo huwa zinaendelea kunyesha milimani. Mvuvi aliyeamriwa kuketi ufuoni kwa ajili ya kuliokoa ziwa huliona doa la rangi ya chai likipita mbele yake, kutoka Nyando kuelekea Rusinga, wala hakuna sheria inayolifungia msimu.